Makabidhiano ya Kurasa: Kumbukumbu Iliyotawanyika na Kazi ya Mwandishi wa Viendeshi

Jioni hii nzima itatumika kwa jambo ambalo mtumiaji wa kompyuta halioni kamwe.

Jambo lenyewe ni hili. Kila kompyuta iliyomo humu ndani, pamoja na simu zilizoko mifukoni, ina vifaa vinavyosoma na kuandika kumbukumbu vyenyewe bila kupitia kwa prosesa. Diski hufanya hivyo. Kadi ya mtandao hufanya hivyo, na kamera vilevile. Utaratibu huo huitwa DMA. Programu inayosimama kati ya kifaa na keneli ndiyo kiendeshi, na anayeandika kiendeshi hukabiliwa na swali moja lisilokwepeka: atakiambiaje kifaa data iko wapi, ilhali data yenyewe haiko mahali pamoja?

Mhadhara huu unakusudia kueleza jibu la swali hilo, lile ambalo mafundi hulitaja kwa jina la skata-gatha na ambalo hapa litaitwa orodha ya vipande. Mifano mingi itatoka kwenye Linux, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kwenda kuhakikisha. Na lipo dai moja litakalorudi mara kwa mara, afadhali litajwe mapema. Makosa mengi ya viendeshi hutokana na kudhani kwamba kukipa kifaa orodha ya vipande ni kutafsiri anwani tu. Sivyo. Ni makabidhiano: mali inatoka mkono huu kwenda mkono ule, hesabu inaandikwa, na mali inarudishwa kwa hesabu ileile.

Hoja ya kwanza: bafa nzima ni picha tu

Programu ikiomba megabaiti moja ya kumbukumbu hupewa anwani zinazofuatana, ya kwanza hadi ya mwisho, bila pengo. Inavyoonekana ni kama kiwanja kimoja kilichozungushiwa ukuta. Ukweli ni kwamba keneli imeokota kurasa 256, kila moja ya baiti 4096, popote ilipozikuta. Ukurasa wa kwanza unaweza kuwa karibu na mwanzo wa kumbukumbu, wa pili mwishoni kabisa, wa tatu katikati. Prosesa haijali, kwa sababu ina jedwali la kurasa linaloziunganisha. Kifaa hakina jedwali hilo.

Tuchukue bafa moja na kuitazama kwa karibu. Ina kilobaiti 64, na inaanzia kwenye anwani 0x7f3a1c2d5e40. Tarakimu tatu za mwisho, e40, ndizo zinazosema bafa imeanzia wapi ndani ya ukurasa wake: baiti ya 3648. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza umebakiwa na baiti 448 tu za kutumika. Zinafuata kurasa 15 zilizojaa, jumla baiti 61,440. Kisha unakuja ukurasa wa mwisho, unaobeba baiti 3648 zilizosalia. Anayegawanya 65,536 kwa 4096 hupata 16 na kufunga hesabu. Vipande ni 17. Kile kimoja kilichosahauliwa kimewahi kuharibu mafaili ya watu.

Kabla ya orodha ya vipande palikuwa na njia mbili, na zote zipo hadi leo. Ya kwanza ni kutenga bafa ya pembeni isiyokatika, kifaa kikaandika humo, kisha prosesa ikahamisha kila baiti kuipeleka kwa mwenyewe. Kwa kifaa cha polepole hakuna atakayelalamika. Kwa diski ya kisasa inayomimina gigabaiti kadhaa kwa sekunde, prosesa inageuka hamali wa kubeba magunia, na kache yake inajaa data isiyoihusu.

Ya pili ni kuiomba keneli eneo kubwa linalofuatana kikweli. Mgawaji wa kurasa wa Linux, kwa mipangilio ya kawaida ya kompyuta za x86, hutoa mafungu hadi kurasa 1024, yaani megabaiti 4, na hapo pia ikiwa bado yapo. Mashine iliyowashwa asubuhi ya leo huyapata bila shida. Mashine iliyokaa miezi mitatu bila kuzimwa imechanikachanika ndani: gigabaiti zimejaa tele, lakini hakuna hata kurasa 64 zinazokaa bega kwa bega. Kamera za simu zilisumbuliwa sana na hali hiyo, ndiyo maana mwaka 2012 toleo la 3.5 la keneli likaingiza utaratibu wa CMA, unaotenga eneo mapema na kuwaazima wengine mpaka kamera itakapolihitaji.

Wazo la kukubali vipande kama vilivyo ni la zamani kuliko wengi wetu humu. Mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilikuwa na chaneli za kuingiza na kutoa data zilizofuata amri za baiti 8 kila moja. Amri ikiwa na alama ya kuunganisha, chaneli iliendelea na data ileile kwenye anwani nyingine bila kuiamsha prosesa. Ilipofika 1972 na System/370 ikapewa kumbukumbu ya kufikirika, tatizo letu la kurasa likazaliwa palepale, na IBM ikaongeza orodha ya anwani ambamo kila neno lilielekeza kwenye bloku ya baiti 2048. Upande wa programu za kawaida, toleo la 4.2 la BSD la mwaka 1983 liliwaletea waandishi wa Unix readv na writev, ambazo hufanya jambo hilohilo kwa bafa nyingi katika wito mmoja. Kwa hiyo kijana anayeona skata-gatha ni mtindo mpya wa kadi za bei mbaya, ajue babu yake angeweza kuitumia.

Hoja ya pili: kila kifaa kina lahaja yake

Hapa mwandishi mgeni hupotea njia. Husoma kwamba Linux ina muundo uitwao scatterlist, akadhani huo ndio unaosomwa na kifaa. La. Scatterlist ni daftari la keneli. Kifaa kina daftari lake, kwa mwandiko wake, na kazi ya kiendeshi ni kunakili kutoka hili kwenda lile.

Vidhibiti vya zamani vya diski za IDE vilitumia mistari ya baiti 8. Kila mstari ulitaja kipande kisichozidi kilobaiti 64, na kipande hakikuruhusiwa kuvuka mpaka wa kilobaiti 64. Sehemu ya urefu ilikuwa na biti 16, hivyo 65,536 haikuandikika. Wabunifu wakaamua sifuri imaanishe kilobaiti 64. Wasikilizaji waiweke akilini sifuri hiyo, itarudi kutusumbua. Ilipokuja AHCI, kiolesura cha diski kilichofuata, mstari ukawa wa baiti 16, kipande kikaruhusiwa kufika megabaiti 4, na amri moja ikaweza kubeba mistari hadi 65,535. Urefu sasa huandikwa ukiwa umepunguzwa moja.

NVMe, kiolesura cha diski za kisasa, ilikwenda njia nyingine kabisa. Orodha yake ya asili haitaji urefu wa kipande chochote. Ina anwani za kurasa tu, baiti 8 kila moja, kwa masharti makali: kipande cha kwanza pekee ndicho kinachoweza kuanzia katikati ya ukurasa, na cha mwisho pekee ndicho kinachoweza kuishia kabla ya ukurasa kuisha. Vya katikati lazima vijae. Bafa yetu ya kilobaiti 64 inaingia humo kama kisu kwenye ala: anwani ya kwanza, pamoja na ile e40 yake, inaandikwa ndani ya amri yenyewe yenye baiti 64, anwani 16 zinazobaki zinaandikwa kwenye orodha ya pembeni ya baiti 128, amri inaelekeza huko, basi.

Sasa chukua ombi lenye vipande vitatu, na cha katikati kina baiti 512. Kwa AHCI hakuna tatizo. Kwa orodha hii ya NVMe ombi hilo halisemeki kabisa, na keneli hulazimika kulikata mawili. Ndiyo sababu kiendeshi hutangaza mapema mipaka ya kifaa chake: vipande vingapi kwa ombi moja, kipande kisizidi ukubwa gani, mpaka gani usivukwe. Toleo la 1.1 la NVMe, la mwaka 2012, liliongeza aina ya orodha inayotaja urefu, lakini diski nyingi ziliendelea na ile ya kwanza kwa kuwa ni rahisi kuitengeneza kwenye silikoni.

Raspberry Pi ya kwanza nayo ina lahaja yake. Kidhibiti cha DMA cha chipu ya BCM2835 husoma bloku za maneno manane ya biti 32, ambazo ni lazima zikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 32. Neno moja kati ya hayo manane ni anwani ya bloku inayofuata. Likiwa sifuri, safari imekwisha. Huo ni mnyororo, na mwanafunzi mwenye subira anaweza kuuandika wote kwa mkono siku moja.

Daftari la keneli lenyewe ni jepesi. Kila mstari unataja ukurasa, umbali kutoka mwanzo wa ukurasa, na urefu. Kisha zipo sehemu mbili tupu zitakazojazwa baadaye: anwani ya kifaa na urefu wa kifaa. Kwenye mashine za biti 64 mstari mmoja kwa kawaida ni baiti 32, hivyo mistari 128 inajaza ukurasa mmoja kamili. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa dari, na kwa kurasa zilizotawanyika maana yake ilikuwa kilobaiti 512 kwa ombi. Jens Axboe alipoingiza uunganishaji wa safu, katika toleo la 2.6.24 lililotoka Januari 2008, hakuongeza hata baiti moja kwenye muundo. Anwani ya muundo wa ukurasa daima huishia na biti za chini zilizo sifuri, akazichukua mbili. Moja husema mstari huu unaelekeza kwenye safu nyingine, ya pili husema hapa ndipo mwisho. Msemaji anakiri kwamba ujanja wa namna hii humpendeza, ingawa ndio uliowalazimu waandishi kuacha kutembea kwenye safu kwa kuongeza moja-moja na kutumia for_each_sg.

Hoja ya tatu: hesabu inayorudi si ile iliyokwenda

Tumefika penye kiini, na tutakaa hapa kidogo.

Anwani ziko aina tatu. Ipo ambayo programu inaiona. Ipo ya kumbukumbu halisi. Na ipo ambayo kifaa kinaitumia kikiwa upande wake wa basi (si basi la Mbezi, ndugu zangu wa nyuma, ni njia ya data ndani ya mashine). Kwenye kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 1990 ya pili na ya tatu zilikuwa namba moja, na hapo ndipo tabia mbaya zilipozaliwa. Kwenye Raspberry Pi ya kwanza ni namba mbili tofauti kabisa: kumbukumbu ambayo prosesa inaihesabu kuanzia sifuri, kidhibiti cha DMA huandikiwa kuanzia 0xC0000000, na vifaa ambavyo prosesa inaviona kwenye 0x20000000, DMA hutajiwa kwenye 0x7E000000.

Mtanzania hahitaji maelezo marefu juu ya hili. Barua yake haiji nyumbani. Ana nyumba, ina mlango na paa, lakini anayemwandikia huandika S.L.P. na namba, naye huifuata posta. Namba ya sanduku haisemi lolote kuhusu nyumba ilipo. Ndugu watatu, mmoja wa Tandika, mwingine Sinza, wa tatu Kigamboni, wanaweza kupewa masanduku 501, 502 na 503, na mwandishi wa barua aliye Mwanza akadhani wanakaa ukuta kwa ukuta.

Posta hiyo kwenye kompyuta ni IOMMU. Seva za Intel na AMD zinayo, mashine za SPARC za Sun zilikuwa nayo zamani. Kiendeshi kinapoita dma_map_sg na kukabidhi vipande 17, IOMMU inaweza kuvipa vyote masanduku yanayofuatana, na kwa kifaa vikawa kipande kimoja chenye kilobaiti 64. Kazi ya kifaa imekuwa nyepesi. Lakini jibu la dma_map_sg sasa ni 1, si 17.

Kuanzia hapo kiendeshi kina namba mbili, na kila moja ina mahali pake. Anayenakili orodha kwenda kwenye daftari la kifaa azunguke mara ngapi? Mara 1, ile iliyorudishwa. Asome urefu upi? Ule unaotolewa na sg_dma_len, si urefu aliouandika mwenyewe alipokuwa akijaza mistari. Na siku ya kurejesha, anapoita dma_unmap_sg, ataje ngapi? 17. Aliyekabidhi vitu 17 anadai 17, hata kama mpokeaji alivifunga kwenye gunia moja. Jibu likiwa 0, hakuna kilichopokelewa na kifaa kisiguswe.

Kwenye kompyuta isiyo na IOMMU namba hizo mbili hulingana siku zote. Msemaji wa jioni hii anajua ubaya wa ulingano huo kwa kuwa uliwahi kumkesheza. Miaka kadhaa iliyopita alikabidhiwa kiendeshi cha kadi ya kupimia mawimbi, kilichoandikwa na mtu mwingine na kufanya kazi bila doa kwenye kompyuta mpakato ya maabara. Kadi ikahamishiwa kwenye seva. Dakika ileile, ujumbe wa DMAR, yaani wa IOMMU ya Intel, ukaanza kumiminika kwenye kumbukumbu ya matukio: kifaa kimejaribu kuandika mahali pasiporuhusiwa, na anwani iliyotajwa imejaa herufi f. Usiku wa kwanza ulikwisha kwa kuilaumu kadi. Wa pili, seva. Wa tatu ndipo ikaonekana mistari mitatu ya msimbo: kitanzi kilikuwa kinazunguka kwa idadi ya vipande vilivyoingia. Kipande cha kwanza kilikuwa sahihi na kilibeba kila kitu. Vilivyofuata vilikuwa na anwani ya kosa, ambayo Linux huiandika kwa biti zote kuwa moja, na urefu sifuri. Na kadi ile, kwa tabia ya vidhibiti vya zamani, iliposoma sifuri ilielewa kilobaiti 64.

Bila IOMMU kuweka kizuizi, ingekuwa inaandika wapi? Afadhali swali hilo libaki bila jibu.

Wapo wenzetu wanaoshauri kuizima IOMMU kwa kigezo cha kuwashia mashine kila kiendeshi kinapogoma. Ushauri huo ni wa kuvunja kioo kwa sababu uso umekunjamana. Tangu mwaka 2009 keneli ina chombo cha ukaguzi, CONFIG_DMA_API_DEBUG, kinachoandika kila makabidhiano na kupiga kelele pale idadi ya kurejesha inapotofautiana na ya kukabidhi, au kiendeshi kinapoondoka bila kurejesha. Kinapunguza kasi, ndiyo. Kwenye mashine ya maendeleo hakuna sababu ya kukizima.

Hoja ya nne: amana haiguswi

Baada ya kukabidhi, kurasa si za prosesa tena. Aliyeweka amana haendi usiku kuichungulia.

Sababu ya kwanza ni kache. Prosesa huchukua data kwa mistari, mara nyingi ya baiti 64. Kwenye kompyuta za x86 maunzi yenyewe huhakikisha kache na kumbukumbu vinakubaliana hata kifaa kikiandika. Kwenye bodi nyingi za ARM hakuna uhakikisho huo: dma_map_sg ndiyo inayosafisha kache, na kosa ambalo lilinyamaza miaka mitano kwenye x86 husema siku ya kwanza kwenye ARM. Mfano unaoudhi kuliko yote ni ule wa bafa ndogo iliyowekwa ndani ya muundo mmoja na kihesabio. Vyote viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa kache, prosesa ikiongeza kihesabio wakati kifaa kinaandika bafa, mmoja wao atafuta kazi ya mwenzake. Ndiyo maana kiendeshi husema pia mwelekeo wa safari, kwenda kwa kifaa au kutoka kwake, na kinapotaka kuchungulia katikati kinaomba ruhusa kwa dma_sync_sg_for_cpu, kisha kinairudisha kwa dma_sync_sg_for_device.

Sababu ya pili ni vifaa vyenye mkono mfupi. Kadi za ISA zilifika megabaiti 16 za mwanzo tu, kwa kuwa zilikuwa na biti 24 za anwani. Vifaa vya biti 32 vinaishia gigabaiti 4. Hata Raspberry Pi 4 ina chaneli za zamani za DMA zisizovuka gigabaiti ya kwanza, ndani ya bodi inayouzwa na gigabaiti 8. Kiendeshi hutangaza urefu wa mkono wa kifaa chake kwa dma_set_mask_and_coherent. Kurasa zikiwa mbali na hapo na IOMMU haipo, Linux hutumia swiotlb, eneo la akiba ambalo kwa kawaida ni megabaiti 64, na kifaa huandika humo badala ya kwenye kurasa za mwenyewe. Data huhamishwa kwenda kwa mwenyewe lini? Wakati wa kurejesha. Asiyeita dma_unmap_sg, au anayesoma bafa kabla ya kuiita, husoma data ya jana. Kwake yeye kurejesha kulikuwa usafi wa mwisho, kama kukunja viti baada ya harusi. Kumbe harusi yenyewe ndiyo ilikuwa hapo.

Sababu ya tatu ni kurasa za mtumiaji. Keneli inaweza kuhamisha ukurasa wa programu ya kawaida au kuupeleka diskini wakati wowote, hivyo kiendeshi sharti kiufunge kabla ya kuutaja kwa kifaa. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 kazi hiyo ina wito wake, pin_user_pages, uliotenganishwa na wito wa zamani ili mifumo ya mafaili itambue kurasa ambazo kuna mtu mwingine anaziandika. Na kifaa kikiisha kuandika, kiendeshi kiseme ukurasa umechafuka; la sivyo keneli itaamini haujabadilika na kuutupa.

Kuhusu usalama neno moja tu, maana wakati unakwenda na chai inapoa. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge, Rice na SRI walitoa kazi iitwayo Thunderclap. Walionyesha kwamba kifaa kiovu kilichochomekwa kwenye tundu la Thunderbolt kinaweza kuvuna mengi hata pale IOMMU ikiwa imewashwa. Mojawapo ya njia zao inatuhusu moja kwa moja: IOMMU hufungua mlango kwa ukurasa mzima. Kile kipande chetu cha kwanza kilikuwa na baiti 448, lakini kifaa kilipewa ukurasa wote wa 4096, pamoja na baiti 3648 za jirani asiyejua kitu.

Na sasa tunapoelekea. Scatterlist yenyewe inazeeka. Kila mstari wake umefungwa kwenye ukurasa wa kumbukumbu kuu, na kadi za michoro zinazopitishiana data moja kwa moja zina kumbukumbu ambayo keneli haina kurasa zake kwa namna hiyo. Isitoshe, data ya diski tayari imeandikwa kwenye orodha nyingine ya vipande kabla ya kukifikia kiendeshi, kwa hiyo kujaza scatterlist ni kunakili daftari ili kulinakili tena. Toleo la 6.16 la keneli, lililotoka Julai 2025, lilileta njia ya hatua mbili: kiendeshi huomba kwanza nafasi ya masanduku, kisha kinaunganisha kipande kimoja kimoja humo bila kupitia scatterlist, na kazi ya kuihamishia NVMe kwenye njia hiyo ikafuata. Sheria za makabidhiano hazikubadilika. Mwenye kuandika kiendeshi kipya cha kuhifadhi data leo aanze kwa kusoma njia hiyo. Mwenye kutunza kiendeshi cha zamani atakuwa na scatterlist kwa miaka mingi ijayo, na hana haja ya kuona haya.

Kwa wanafunzi waliomo humu, hakuna anayehitaji kununua kadi. QEMU, kiigizaji cha mashine kisicho na malipo, kina kifaa kiitwacho edu kilichotengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Kina rejista za DMA, ukatizo, na bafa ya baiti 4096, na kwa kawaida kimewekewa mkono mfupi wa biti 28. Hakijui orodha ya vipande: kinapokea chanzo, mwisho na idadi, safari moja baada ya nyingine. Hilo ni zuri kwa mazoezi, kwa kuwa mwanafunzi atalazimika kuitembea orodha mwenyewe, kipande kwa kipande, na kusubiri ukatizo kila mara. Aiwashe mashine hiyo mara moja bila IOMMU na mara moja akiwa ameongeza intel-iommu, huku CONFIG_DMA_API_DEBUG ikiwa imewashwa. Bafa yake iwe ya kilobaiti 64 na ianzie kwenye e40. Atakapoona 17 kwanza, na pengine 1 baadaye, Ndugu Mwenyekiti ataruhusu maswali, na msemaji atakuwa hapa hadi mlinzi atakapokuja na funguo.